Mapatano Hufunga Lini?

Leo tuzungumze juu ya mapatano, maana pesa nyingi za vikundi hupotelea hapo.

Wazee husema ahadi ni deni. Lakini mbele ya hakimu, si kila ahadi ni deni. Mtu akiahidi mbuzi katika harambee asimlete, ni vigumu kumshtaki, kwa sababu sisi hatukuahidi kumpa kitu. Sheria hutafuta haya: mmoja atoe neno, mwenzake alikubali, kila upande utoe kitu, na wote wawe wamekusudia kufungwa.

Tuseme tunataka tangi la maji ya mvua. Fundi anasema, "Nipeni 60,000." Sisi tunajibu, "Tutakupa 50,000." Je, tumepatana? Bado. Tena tumelikataa neno lake na kuweka letu. Akienda zake, hatuwezi kesho kumwambia, "Haya, chukua ile 60,000 uanze," kana kwamba amefungwa. Lakini akisema, "Sawa, nakuja Jumatatu," basi tumefungwa sote. Akinyamaza je? Kunyamaza si kukubali.

Wengi huuliza, bila karatasi mapatano ni bure? Hapana. Maneno ya mdomo na fundi huyu yanafunga. Shida ni ushahidi. Yeye atasema saruji ni juu yetu, sisi tutasema ni juu yake. Hakimu atamwamini nani? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tuandike, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari:

1. Majina na namba za vitambulisho.
2. Kazi yenyewe na ukubwa wake.
3. Nani ataleta saruji, mchanga na maji.
4. Bei, na italipwa mara ngapi. Tusilipe yote kabla ya kazi.
5. Siku ya kumaliza, na itakuwaje akichelewa.

Wote watie sahihi mbele ya mashahidi, kila upande ubaki na nakala. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka kidole. Na mwenyekiti asitie sahihi peke yake; mkutano ukubali kwanza, karani aandike.

Yako mambo ambayo sheria yenyewe inadai maandishi. Moja ni kumdhamini mtu katika deni lake. La pili ni ardhi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, yataka mapatano ya kununua shamba yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na shahidi aliyekuwapo athibitishe. Tena shamba la kilimo lahitaji kibali cha bodi ya ardhi, nacho kiombwe ndani ya miezi 6 tangu kupatana. Vikundi vingine huona karatasi ya wazee inatosha, vikatoa pesa zote, kisha vikabaki na kesi. Tungoje kibali.

Na mwenzetu akivunja mapatano? Kwanza tumwite tuzungumze, wazee wawepo. Ikishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai ya mali na kazi yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujitetea bila wakili. Ila tusilale: dai la mapatano lisipofikishwa mahakamani ndani ya miaka 6, hupitwa na wakati.

Basi katika mkutano ujao, kila kikundi kifungue daftari. Hesabuni mapatano mliyo nayo sasa: ya fundi, ya shamba la kukodi, ya kinu cha posho. Ni mangapi yameandikwa? Yaliyobaki, mwiteni mwenzenu myaandike sasa, wakati bado mnasalimiana. Mkishagombana, hakuna atakayekubali kushika kalamu.