Sukari Inapopungua Katika Damu ya Mtoto

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya hatari iuayo watoto upesi, nayo hutambulika kwa tone moja la damu.

Tuseme mama mmoja wa Kibamba aamka alfajiri, amkuta mwanawe ana homa, hakula tangu jana, amelegea, jasho la baridi lamtoka. Mara ashikwa na degedege. Jirani asema, "Huyu apelekwe kwa mganga wa pepo." Lakini degedege ni ishara tu. Yatupasa kuuliza, limeletwa na nini?

Katika hospitali, kama ile ya Mloganzila iliyofunguliwa mwaka 2017, daktari humtoboa mtoto kidole, akapima sukari. Ikiwa chini ya miligramu 45 katika desilita moja ya damu, au 54 kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, hutiwa sukari mara moja. Kisha chanzo hutafutwa kwa maswali.

Alikula lini? Ini la mtoto ni ghala ndogo. Akishinda na njaa huku ahara na kutapika, akiba huisha. Ana malaria? Vijidudu vyake hula sukari, na ini hushindwa kutengeneza nyingine. Alipewa dawa gani? Kwinini huongeza insulini, nayo hushusha sukari. Je, nyumbani yupo mzee mwenye kisukari? Kidonge chake kimoja tu, mtoto akikimeza, chaweza kumzimisha. Je, alionja pombe? Jibuni kweli hata mkiona haya, maana mtoto hawezi kujisemea. Na hali hii ikimrudia mara kwa mara, yafaa apimwe zaidi, kwani huenda ana kasoro ya kuzaliwa nayo.

Basi, mtoto akiwa na fahamu, anyonyeshwe au apewe maji ya sukari. Akiwa katika degedege, mlazeni ubavu, wala msitie kitu kinywani. Likitulia naye bado hana fahamu, msimnyweshe, asije akapaliwa. Wekeni chini ya ulimi kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kidogo, na kurudia kila baada ya dakika 10 hadi 20, huku mmekwisha shika njia ya hospitali. Chukueni na dawa zote alizopewa.

Wazee walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kwaherini.