Mkwaruzo Mdogo Usile Mshahara
(Maneno ya mwanachama mmoja wa reli mbele ya mkutano wa tawi)

Mimi si msemaji. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia reli, na kazi yangu ni kupaka mabehewa rangi. Leo nasema juu ya mikwaruzo ya motokaa.

Ndugu yetu mmoja, dereva, alikuja kwangu jioni na karatasi mkononi. Gari la kazi lilikuwa limekwaruzwa mlangoni na miiba ya ua. Tajiri wake alitaka mlango wote upigwe rangi upya, na gharama ikatwe katika mshahara. Ile karatasi ilikuwa ya kukubali makato. Nikamwambia, "Usitie sahihi bado. Twende kwanza tukautazame huo mkwaruzo."

Ndugu zangu, fahamuni jambo hili. Rangi ya gari la siku hizi si tabaka moja. Chini kuna rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kuna vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita kilia. Vanishi hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa, nayo ndiyo huikinga rangi na jua.

Basi mwagia maji. Mkwaruzo ukipotea maji yakiwapo, na ukucha ukipita bila kukwama, umeumia vanishi tu. Huo waweza kuutengeneza nyumbani.

Kwanza, osha gari kwa sabuni, maana punje moja ya mchanga italeta mikwaruzo mingine. Fanya kazi kivulini, bati likiwa baridi. Pili, loweka msasa wa maji namba 2000, usugue polepole mahali penyewe tu, maji yakitiririka. Kisha namba 3000. Maji yakiwa meupe kama maziwa, ni vanishi inayotoka. Yakigeuka rangi ya gari, acha mara moja, umekwisha kuivuka vanishi! Usisugue kwenye kingo za mlango, maana huko vanishi ni nyembamba zaidi. Tatu, paka dawa ya kung'arishia kwa kitambaa laini mpaka ukungu uishe, halafu nta.

Ukucha ukikwama, usiendelee kusugua. Ikiwa rangi haijatoka, tia vanishi ya kichupa kwa brashi ndogo, tabaka nyembamba, moja ikauke kabla ya nyingine. Ikiwa bati laonekana, au vanishi yabambuka kama maganda, hiyo ni kazi ya fundi wa rangi. Wala msipulize nyumbani vanishi ya kuchanganya na dawa ya kugandisha. Ndani yake mna aisosianeti, sumu inayoleta pumu, na kitambaa puani hakiizuii.

Yule ndugu aliomba ruhusa kwa tajiri wake, nasi tukaifanya kazi hiyo Jumapili, saa mbili tu. Tulitumia vipande viwili vya msasa, dawa kidogo na fulana kuukuu. Jumatatu tajiri alitazama mlango, akainama, akatazama tena. Ile karatasi ikachanwa.

Lakini si kila tajiri atakubali. Kwa hiyo kumbukeni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Kwa mali iliyoharibika, mwajiri aweza kukata kiasi cha haki tu, tena ikiwa mfanyakazi ameiharibu kwa kosa la makusudi. Na makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Miiba ya ua si makusudi ya dereva.

Basi, ndugu, ukiletewa karatasi kama ile, usiwe mwepesi wa kalamu. Chukua maji, tumia ukucha, kisha uje kwa katibu wa tawi.