Baiskeli na Utelezi wa Mvua

Mvua hapa kwetu Kamuli, na kwingine Kyerwa na Karagwe, zina misimu miwili kwa mwaka, na barabara ya udongo ikilowa huteleza kama sabuni.

Kinachoangusha wengi ni breki. Ringi ikilowa, raba hukutana na maji kwanza, na baiskeli huenda mbali kabla ya kusimama. Kwa hiyo, kabla ya mteremko, bana breki taratibu mara mbili tatu ili ringi ifutike maji. Tegemea zaidi breki ya nyuma. Ya mbele ukiibana ghafla kwenye tope, gurudumu linakukimbia. Na ukiwa na mikungu ya ndizi kwenye keria, shuka ukokote. Si aibu hiyo.

Baiskeli ya magurudumu madogo, kama ya mtoto, ihofie zaidi: shimo linalovukwa na gurudumu kubwa humeza dogo. Kwa baiskeli yoyote, punguza upepo kidogo, tairi lishike. Ukifika nyumbani osha tope, kausha cheni, tia oili. Na dimbwi usilojua kina chake, lizunguke.