CHENGA ZA CHUMA KATIKA OILI YA PIKIPIKI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumzie jambo lolote lenye manufaa kwa wanachama. Najua kuwa baadhi yetu tunaendesha pikipiki wenyewe, na wengine tunazo zinazoendeshwa na vijana kwa hesabu ya kila siku au kwa mkataba. Kwa hiyo nitazungumzia oili; si ile mpya ya kwenye kopo, bali ile chafu inayomwagwa.

Waliosoma fizikia watakumbuka somo la msuguano. Mnamo mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akifanyia majaribio beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi, na mashine ilipozunguka, oili ikapanda na kutoka. Alipoziba tundu kwa kigingi cha mti, kigingi kikasukumwa nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu sababu yake: chuma kinachozunguka huivuta oili na kuibana mpaka inapata nguvu ya kukibeba chuma chenyewe. Basi katika injini nzima chuma hakipaswi kukanyaga chuma. Kati yao upo utando wa oili, nao unene wake ni sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Utando huo ukikatika, chuma hula chuma, na makombo ya karamu hiyo huanguka ndani ya oili.

Pikipiki nyingi tunazoziona barabarani, za cc 100 hadi 150, hubeba oili ya kadiri ya lita 1 tu. Tofauti na gari, ambalo gia zake zina oili yake, pikipiki hizi hutumia oili hiyo hiyo kwa pistoni, kranki, klachi na gia. Kwa hiyo lita hiyo moja hupita kila chumba cha nyumba, na inapomwagwa hutoka na habari za chumba kila kimoja. Jambo la kusikitisha ni kwamba aghalabu habari hizo humwagwa mtaroni kabla hazijasomwa.

Kuzisoma hakuhitaji shahada. Iwasheni injini dakika chache ili oili ipate joto na takataka zilizotuama ziinuke. Mwageni oili katika chombo safi, kisha ipitisheni polepole kwenye kitambaa cheupe. Chukueni sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, muifunge katika mfuko wa plastiki, muipitishe juu ya kitambaa. Mkigeuza mfuko, chenga zote zitabaki ndani yake. Kinachonata ni chuma: chaweza kutoka katika gia, beringi au ringi za pistoni. Kisichonata na ni cheupe ni aluminiamu, itokayo katika pistoni, katika nyumba ya klachi, au katika bodi ya injini yenyewe. Chenye rangi ya dhahabu aghalabu hutoka katika bushi za shaba. Na vipande vyeusi, laini, visivyong'aa, huenda ni klachi iliyokwisha.

Hata hivyo, ndugu zangu, si kila kinachong'aa ni msiba. Injini mpya hung'arisha oili katika kilomita zake 500 hadi 1,000 za mwanzo, kwa sababu meno ya gia na ringi bado vinazoeana. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema. Hata injini iliyozoea kazi huacha uji wa kijivu kwenye sumaku, laini kama majivu ukiusugua vidoleni. Huo ni uzee wa kawaida. Vilevile, bolti ya kumwagia oili ikiwa imekazwa kupita kiasi, huchuna nyuzi za bodi na kuacha kijisokoto cha aluminiamu. Kisokoto hicho hakitoki katika moyo wa injini, ingawa nyuzi zenyewe zahitaji kutengenezwa.

Kinachotakiwa kututisha ni kipande kinachoweza kushikwa kwa kucha: bapa kama gamba la samaki, au chembamba kama sindano, au chenye umbo la jino la gia. Hicho hakikulika kidogo kidogo, kimebanduka. Ukikiona, usiiwashe injini tena mpaka umejua kilikotoka. Na ukiwa na mashaka tu, yaani chenga ni ndogo lakini ni nyingi kuliko kawaida, weka oili mpya, tembea kilomita 200 au 300, kisha imwage tena na ulinganishe. Hifadhi chenga katika kiberiti kitupu, uandike juu yake tarehe na kilomita. Viberiti vitatu vikipangwa mezani vitakuambia ugonjwa unapoa au unazidi.

Jambo hili si ushamba wa mafundi wa chini ya mti. Katika miaka ya 1940 mashirika ya reli ya Marekani yalianza kupima metali zilizomo katika oili ya injini zao za treni, ili wajue ubovu kabla haujaonekana. Na katika injini nyingi za helikopta huwekwa kizibo chenye sumaku; chenga zikinasa hapo na kuunganisha ncha mbili za umeme, taa huwaka mbele ya rubani, naye hutafuta mahali pa kutua.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niseme lile lililonifanya nichague somo hili. Mpwa wangu anaendesha bodaboda kwa mkataba. Mwaka jana, ikiwa imesalia miezi miwili pikipiki iwe mali yake, alimwaga oili akakuta vipande vitatu bapa vimenata kwenye sumaku. Fundi wa kwanza alimwambia aweke oili nzito, mlio utanyamaza. Ni kweli oili nzito hunyamazisha mlio. Lakini beringi iliyobanduka haiponi kwa kunyamazishwa. Kijana akaja kwangu, hofu yake si injini. "Mjomba," aliniambia, "nikiilaza siku mbili, hesabu nitaitoa wapi? Tajiri atasema nimeiharibu, mkataba utavunjika."

Tulikwenda pamoja kwa mwenye pikipiki, tukamwekea vile vipande mezani. Kwanza alikasirika, kisha akavigeuza-geuza kwa kidole, akaniuliza maswali, akakubali kusamehe hesabu ya siku hizo. Injini ikashushwa. Beringi moja ya kranki ilikuwa imeanza kumenyeka kama ganda la chungwa. Ikabadilishwa pamoja na mwenziwe, oili ikasafishwa katika njia zake zote, na kranki na bodi vikasalimika. Leo kijana huyo anaiita pikipiki hiyo yake, na hakuna anayembishia.

Laiti angeogopa na kunyamaza, beringi ile ingeweza kukwama akiwa mwendoni. Injini ikikwama ghafla, gurudumu la nyuma laweza kujifunga papo hapo, na nyuma ya dereva huketi mama aliyebeba mtoto, au mwanafunzi wa shule hii anayewahi kipindi cha kwanza.

Nimefanya kazi serikalini miaka mingi, na katika ofisi nimeona pikipiki za mabwana shamba zikifa kwa sababu hiyo hiyo. Mtumishi anayetoa taarifa ya ubovu huulizwa kwanza, "Umeifanyaje?" Akisha kuulizwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hatoi taarifa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nasi tujiulize ni nani anayemfundisha mgonjwa kuficha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanachama wenye pikipiki ni mawili. La kwanza, mnunulieni dereva wenu sumaku na kitambaa, na siku ya kumwaga oili muitazame pamoja naye; ikiisha kutazamwa irudishwe koponi ipelekwe gereji, isimwagwe ardhini wala kisimani. La pili, ambalo ni zito zaidi: kijana akiwaletea chenga za chuma mkononi, siku hiyo msimdai hesabu, wala msianze kwa kuuliza nani kaharibu. Mshukuruni kwanza.