Upepo wa Uwanda wa Kati na Milki ya Kijiji



Msafiri atokaye Dodoma wakati wa kiangazi, akavuka mbuga za Bahi na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni hadi Singida, hana haja ya kuhubiriwa habari za upepo, maana humpokea njiani pamoja na vumbi lake. Na miaka mingi sasa wenye mitaji wamekuwa wakija kuupima, wakaandika mipango, wakaenda zao. Sababu za minara kukawia kujengwa ni nyingi, za fedha na za bei ya umeme, wala sizidharau. Lakini leo nataka kuinena ile isiyosemwa sana, nayo ni ardhi.

Mnara wa upepo hauli ardhi nyingi. Huhitaji msingi wa zege, njia ya kupitishia mashine, na waya wa kuchukulia umeme. Baina ya mnara na mnara hubaki mamia ya mita, mtu akapanda uwele wake na ng'ombe wakala majani. Paneli za jua ni kinyume chake: hutandazwa, huzungushiwa uzio, na mfugaji hana tena pa kupita. Hata hivyo sheria huzitazama nishati hizi mbili kwa jicho moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla kwa manufaa ya umma, uwekezaji wenye maslahi ya taifa ukiwamo. Eneo lisipozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia au kukataa, likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyapokea mapendekezo ya mkutano. Fidia hukubaliwa kabla ya uhamisho, na hilo ni jema. Ila huhesabiwa kwa udongo, mazao na majengo, ilhali upepo, ambao ndio mali iliyomleta mgeni, hauna safu katika daftari la mthamini.

Tume ya masuala ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilishauri, mwaka 1992, milki ya ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano ya vijiji. Serikali ikaona vingine. Mimi naona Tume ilikuwa sahihi.

Kondoa yatosha kuwa shahidi wa yale yanayotokea uamuzi wa ardhi ukitoka juu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika vilima vya Irangi, kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Makorongo yakaota nyasi, miti ikarejea, na wataalamu wakaja kustaajabu. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka: walihamia kwa majirani, na gharama ya ufanisi ule ikabebwa na watu wasioulizwa.

Rai yangu ni kwamba, kwa minara ya upepo, kijiji kibaki na milki yake na kupokea ijara ya kila mwaka pamoja na fungu la mauzo ya umeme. Nitaambiwa mabenki hayatakubali. Nami nasema benki hutaka mkataba usiovunjika, haitaki malisho. Na mkutano wa kuridhia mkataba huo usiitishwe Septemba, vijana wakiwa wamekwenda mbali pamoja na mifugo na akidi ikitimizwa na wakaao jirani na ofisi ya mtendaji. Uitishwe mara baada ya mavuno, kabla vijana hao hawajaondoka.