Nguvu za Farasi 200 na Barabara ya Marangu

Mazungumzo na walaji mjini Moshi kuhusu ununuzi wa pikipiki za mbio



Tumekuja kuzungumzia bidhaa ambayo wengi wenu mmeisikia ikinguruma Double Road kabla hamjaiona, na ambayo baadhi ya vijana waliomo humu wameanza kuiwekea akiba. Nayo ni pikipiki ya mbio: ile yenye injini ya cc 600 hadi 1,000 au zaidi, iliyofunikwa plastiki kuanzia taa hadi mkia, na ambayo dereva wake huinama hadi kifua kikakaribia tangi la mafuta. Majina yake yanajulikana hata kwa watoto wa shule: Yamaha R1, Suzuki GSX-R na Hayabusa, Kawasaki Ninja, Honda CBR.

Bei ya pikipiki moja ya namna hii, hata ikiwa imekwisha kutumika, yaweza kununua bodaboda kadhaa. Kwa hiyo ni haki ya mnunuzi kuuliza: je, sifa zinazovuma juu yake zitaonekana katika barabara atakayoipitia kila siku, yaani kutoka Moshi mjini kwenda Himo, Marangu, Kibosho au Machame? Jibu letu tunalitoa mapema ili msikilize sababu zake kwa utulivu. Sifa nyingi ni za kweli, lakini zilipimwa katika mazingira yasiyofanana na yetu. Mnunuzi hulipia uwezo ambao sheria, barabara na mlima havimruhusu kuutumia, kisha hulipia tena gharama ambazo tangazo halikuzitaja.

Sifa zilikotoka

Pikipiki hizi ni ndugu wa karibu wa pikipiki za mashindano. Mashindano ya Dunia ya Superbike, yaliyoanza mwaka 1988, hutumia pikipiki zitokanazo na zile zinazouzwa kwa umma. Ndiyo maana kila mtengenezaji hujitahidi ile ya dukani ikaribie ile ya uwanjani. Yamaha ilitoa R1 ya kwanza mwaka 1998. Mwaka uliofuata Suzuki ilitoa Hayabusa, iliyovuka kasi ya kilomita 300 kwa saa, na baada ya hapo watengenezaji wakaafikiana kuweka kikomo cha kilomita 299. R1 ya kuanzia mwaka 2015 hutoa takriban nguvu za farasi 200 kwa injini ya cc 998. Boxer ya cc 150, tuliyoizoea katika vituo vyetu vya bodaboda, hutoa takriban nguvu za farasi 12.

Tofauti hiyo ni kubwa mno, na hatuna nia ya kuificha. Lakini uwanja wa mashindano una lami laini, wote huelekea upande mmoja, na hakuna mbuzi, tuta wala daladala linaloshusha abiria. Tuilete sasa pikipiki hiyo huku kwetu.

Kasi ya kwenye tangazo na kasi ya barabarani

Sheria yetu ya Usalama Barabarani imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Pikipiki ya mbio ya cc 1,000 yaweza kuvuka kilomita 130 kwa saa ikiwa bado katika gia ya kwanza. Maana yake ni kwamba mwenye pikipiki ya gia sita atazunguka Moshi mjini siku nzima akitumia sehemu ndogo tu ya gia moja. Akizidisha, atapigwa tochi, na hilo ndilo dogo katika yanayoweza kumpata.

Tufanye hesabu. Kutoka Moshi hadi Himo ni kilomita zipatazo 25. Anayekwenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa hufika kwa dakika 25. Anayekwenda kwa wastani wa kilomita 80 hufika kwa dakika 19 hivi. Dakika sita ndizo zinazogombaniwa, na hata hizo hupungua ukihesabu matuta, vivuko vya wanafunzi na msongamano wa soko la Kiboriloni. Isitoshe, pikipiki ya cc 150 nayo hufika kilomita 80 kwa saa. Mwenye nguvu za farasi 200 na mwenye nguvu za farasi 12 watakutana mbele ya tuta lile lile.

Hesabu ya pili ni nzito zaidi. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, pikipiki hupita mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 120, hupita mita 33. Mtoto akikatiza barabara, dereva huhitaji takriban sekunde moja kabla mkono wake haujashika breki, na mita hizo huwa zimekwisha kupita. Tena kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka mara nne. Madaktari na wauguzi wa KCMC, wanaopokea majeruhi wa pikipiki mara kwa mara, hawahitaji kuelezwa maana ya hesabu hii.

Mlima nao una masharti yake

Mjini Moshi tuko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro liko zaidi ya mita 1,800. Kadiri tunavyopanda, hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Nguvu za farasi 200 zilizoandikwa kwenye tangazo huhesabiwa kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Zikifika lango la Marangu zitakuwa zimebaki kati ya 160 na 170. Zilizobaki bado ni nyingi kupita mahitaji. Kilichopungua ni kile ambacho mnunuzi aliambiwa anakilipia.

Kero kubwa zaidi ya kupanda ni gia. Gia ya kwanza ya pikipiki ya mbio ni ndefu, kwa sababu iliundwa kwa kuondokea katika mstari wa mashindano, na injini yake hutoa nguvu zake kamili ikizunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Katika kona kali yenye mwinuko, nyuma ya lori la ndizi linalokwenda kwa mwendo wa mtu, dereva hulazimika kuikamata klachi nusu muda wote ili injini isizimike. Klachi huungua, injini hupata moto, feni huwaka na kumpulizia hewa ya moto miguuni. Bodaboda iliyobeba watu wawili hupita pembeni bila shida yoyote.

Kushuka kuna taabu yake. Vishikio vya pikipiki hizi viko chini, hivyo uzito wa mwili hulalia viganja vya mikono. Katika mteremko kutoka Marangu Mtoni kuelekea Himo uzito huo huongezeka, na mkono uliochoka ndio huo huo unaotakiwa kushika breki kwa wepesi. Aidha, kimo kati ya tumbo la pikipiki na ardhi ni takriban sentimita 13, kwa hiyo matuta marefu na njia za kuingilia vihambani huweza kukwangua plastiki na bomba la moshi. Tairi zake pana, zenye mistari michache, hushika vizuri lami kavu iliyopata joto. Wakati wa masika, magari yanapobeba udongo mwekundu na kuuacha juu ya lami, tairi hizo hugeuka kuwa hatari hata kwa mwendo mdogo.

Tusisahau pia matumizi ya kawaida ya nyumbani. Kiti cha abiria ni kidogo na kiko juu sana. Mama mzazi hatapanda kwenda kanisani au hospitali, na mkungu wa ndizi hauna mahali pa kukaa.

Haki ya kila upande

Haitakuwa haki kutaja kasoro peke yake. Breki za pikipiki hizi ni imara kuliko za pikipiki nyingi za kawaida, na nyingi za miaka ya karibuni zina ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge wakati wa kushika breki ghafla. Fremu zake zimetulia na ufundi wake unastahili heshima. Dereva mzoefu, mwenye pikipiki nyingine ya shughuli za kila siku, na mwenye fedha za kuitunza, anaweza kuifurahia kwa mwendo halali. Hatumkatazi mtu furaha yake. Tunachotaka ni kwamba ajue ananunua furaha, asidhani ananunua usafiri.

Wapo wanaosema kuwa leseni ikiruhusu, basi inatosha. Kwetu leseni ya daraja A inahusu pikipiki zenye injini inayozidi cc 125. Kwa hiyo aliyejifunza kwa pikipiki ya cc 150 anaruhusiwa kupanda ya cc 1,000 siku hiyo hiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kijana huanzia pikipiki zenye nguvu ndogo, kisha kuna daraja A2 lenye kikomo cha kilowati 35, yaani nguvu za farasi zipatazo 47, kabla ya kuruhusiwa pikipiki zisizo na kikomo. Sheria yetu haimlazimishi mtu kupitia ngazi hizo, lakini haimzuii kujiwekea ngazi zake mwenyewe.

Kabla ya kulipa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vitu vilivyotumika, hata kizuri hutembezwa pamoja na kibaya, na kazi ya kutenganisha ni ya mnunuzi. Tunashauri mambo sita.

Kwanza, linganisha namba ya fremu na namba ya injini na zile zilizo kwenye kadi ya usajili ya TRA. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, usitoe fedha. Kama pikipiki bado haijaingia nchini, ulizia jumla ya kodi na ushuru kabla ya kuagiza.

Pili, soma umri wa tairi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi hiyo ni ya kubadilishwa hata kama inang'aa, na tairi za pikipiki hizi huisha baada ya kilomita elfu chache tu.

Tatu, uliza kama pikipiki hiyo iliwahi kuitwa na mtengenezaji kwa marekebisho. Mwaka 2013 Suzuki iliziita GSX-R za cc 600, 750 na 1,000 zilizotengenezwa katika takriban miaka kumi iliyotangulia. Mafuta ya breki yasipobadilishwa kwa muda mrefu, pistoni ya masta ya breki ya mbele huweza kupata kutu, gesi ikajikusanya ndani, na breki ikalegea. Tangazo kama hilo hutumwa kwa mwenye pikipiki anayejulikana na wakala. Aliyeinunua mkononi mwa mtu wa tatu, huku Moshi, huenda asilipate kamwe. Chukua namba ya fremu, uihakiki kwa wakala au katika tovuti ya mtengenezaji.

Nne, piga hesabu ya mafuta. R1 hutumia takriban lita saba kwa kilomita 100, yaani kilomita 14 kwa lita. Pikipiki ya cc 150 hupita kilomita 40 kwa lita. Chukua bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, uizidishe kwa safari zako.

Tano, tafuta fundi na spea kabla ya kutafuta pikipiki. Uliza gereji za mjini ni nani amewahi kufungua injini ya aina hiyo, na kipuri cha kawaida kama pedi za breki kitachukua siku ngapi kufika.

Sita, omba bei ya bima kwa maandishi. Bima ndogo hulipa madhara uliyomsababishia mwingine. Pikipiki yako ikiharibika au kuibwa, hasara ni yako. Kama fedha za kununulia ni mkopo wa SACCOS, deni hubaki hata pikipiki isipokuwapo. Katika hesabu hiyo, weka pia kofia ngumu iliyothibitishwa, jaketi, glavu na viatu vigumu.

Ukidanganywa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, umri au historia ya bidhaa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ukiambiwa pikipiki imetembea kilomita 9,000, dai iandikwe hivyo kwenye risiti. Hifadhi tangazo, ujumbe wa simu na risiti ya kielektroniki. Ukigundua udanganyifu, mwandikie muuzaji kwanza; asipotekeleza, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani ukiwa na nyaraka hizo. Neno la mdomo ni gumu kulithibitisha.

Kwa wale ambao bado mioyo yao iko kwa pikipiki ya mbio, ombi letu ni dogo. Azimeni au kodini pikipiki ya cc 250 hadi 400, mpande nayo hadi Marangu na kurudi, siku ya jua na siku ya mvua. Mkirudi mkaona nguvu hazikutosha, njooni tuzungumze tena. Tunaamini wengi mtarudi mkiwa na jibu, na akiba yenu ikiwa bado benki.

Sasa tunapokea maswali.