Jinsi ya Kuchagua Programu ya Kusoma Nyaraka Zilizopigwa Picha

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wananchi wa Kata ya Bukima)



Katika nyumba nyingi za kata yetu limo sanduku lenye karatasi za thamani: hati ya hakimiliki ya kimila iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, cheti cha kuzaliwa, muhtasari wa kikao cha ukoo kilichogawa mirathi. Mchwa, mvua na moto ni maadui wa sanduku hilo. Ndiyo maana wengi mmeanza kupiga picha nyaraka zenu kwa simu janja.

Picha peke yake huhifadhi sura ya waraka. Ukitaka kutafuta jina au kunakili aya, unahitaji programu inayotambua herufi zilizomo ndani ya picha na kuzigeuza kuwa maandishi. Programu hizo ni nyingi, nazo hazilingani. Naomba mzipime kwa mambo matatu.

Kwanza, lugha. Programu isiyofundishwa Kiswahili hukisia maneno kwa mazoea ya lugha nyingine: “mtama” huwa “rntama”, na “ng’ombe” hupoteza king’ong’o chake. Tesseract, iliyoanzia katika maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuachiwa umma bila malipo mwaka 2005, inayo sehemu ya Kiswahili. Hata hivyo, inafaa kwa maandishi ya chapa kuliko ya mkono. Mihtasari ya zamani iliyoandikwa kwa kalamu ni kazi ngumu kwa programu nyingi. Pengine ni heri kuichapa upya wenyewe.

Pili, siri. Baadhi ya programu hutuma picha yako kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti ndipo zisome. Nyingine husoma ndani ya kifaa chako. Kipimo ni chepesi: zima data, kisha jaribu kusoma ukurasa. Ikikataa, usiipe hati ya ardhi wala cheti cha hospitali kabla ya kujua picha inakwenda wapi. Ukipeleka kazi steshenari, simama hapo mpaka faili lako lifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayechukua taarifa za mtu azitumie kwa kusudi lililokubaliwa tu.

Tatu, usahihi wa majina na tarakimu. Chukua ukurasa mmoja wenye majina ya kwetu, kama Magesa au Mafuru, pamoja na tarehe na vipimo vya shamba. Usomeshe kwa programu mbili, kisha linganisha na karatasi, herufi kwa herufi. Neno la kawaida likikosewa, msomaji hung’amua. Lakini 1 ikigeuka 7 katika vipimo vya mpaka, hakuna atakayeshtuka mpaka siku ya shauri. Chagua ile iliyokosea machache hapo, hata kama nyingine ina mapambo zaidi.

Ili kuisaidia programu, tandaza karatasi, piga picha mchana pasipo kivuli, na ukitumia mashine ya kuskani, weka nukta 300 kwa inchi. Hifadhi faili la PDF linalobeba picha na maandishi kwa pamoja, ili shaka ikitokea uone waraka wenyewe.

Ndugu zangu, nakala tepe ni msaidizi wa hati; haichukui nafasi yake. Penye muhuri na saini, karatasi halisi ndiyo itakayoulizwa. Itunzeni mahali pakavu, na kabla ya kutumia maandishi yaliyosomwa na mashine, yasomeni kwa macho yenu.